Gitaa la Takamine la nyuzi za nailoni, la mwaka 1998: ninunue au niachane nalo?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga gitaa kanisani, na wikendi kwenye hoteli moja hapa Dodoma. Kuna mzee yuko Tanga anauza gitaa lake la klasiki lenye umeme, Takamine ya Japani, bega moja limekatwa, uso wake ni wa mwerezi. Namba ya ndani inaanza na 9804. Anataka laki tisa na nusu. Wenzangu wananiambia kwa hela hiyo nichukue jipya dukani, lenye skrini ya tyuna. Sijawahi kumiliki gitaa la nailoni. Ninunue? Na nikifika Tanga niangalie nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mawili kwa mpigo. La kwanza linategemea utakachokikuta Tanga, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye la pili. Kwa ufupi, mbao zikiwa nzima, chukua. Hiyo tyuna, kipimo cha kukazia nyuzi, wanayoipigia debe wenzako unaipakua bure kwenye simu yako.

Tuanze na namba. Takamine huficha tarehe ndani ya namba ya gitaa: tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi. Hilo la mzee ni la Aprili 1998. Karakana yao ilianza 1959, mkoa wa Gifu, chini ya mlima ulioipa kampuni jina. Mwaka 1968 akajiunga nao Mass Hirade, fundi wa magitaa ya klasiki, na 1975 akawa ndiye mkuu wa kampuni. Nalitaja hilo kwa makusudi. Viwanda vingi hulitengeneza gitaa la nailoni lenye umeme kama nyongeza tu, ili lisikosekane kwenye katalogi. Hawa bosi wao alikuwa mtu wa klasiki mwenyewe, na ukilishika utaona: shingo ina umbo la shingo ya klasiki na uso umechongwa mwembamba. Halikufunikwa tu vanishi nene ya kung'aa.

Sasa, unalipia nini hasa? Kuna mtu alilijibu swali hilo miaka mingi kabla yetu. Antonio de Torres, fundi wa Almería kule Hispania, ndiye aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua leo, pamoja na urefu wa uzi wa milimita 650 ambao mpaka sasa ndio wa kawaida. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu za pembeni ni karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi, kama boksi la mayai. Uso tu ndio mbao nzuri. Lipo Barcelona, kwenye jumba la makumbusho la muziki. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni, pale panapofungwa nyuzi. Mgongo una kazi yake, ila uso ndio unaoimba.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ukilipokea gitaa mikononi, kabla hujapiga hata noti moja, lisogeze dirishani ulitazame tundu. Angalia ukingo wake, pale mbao ilipokatwa. Mistari ya mbao unayoiona juu ya uso ikishuka moja kwa moja mpaka chini ukingoni, huo ni ubao mmoja mzima. Ukiona matabaka, kama biskuti ya wafa, hiyo ni plaiwudi, na bei ya mzee ishuke pale pale. Wakati mwingine ukingo umepakwa rangi au umezungushiwa utepe. Hapo tafuta tundu lolote jingine lililotobolewa, kwa mfano pale kisanduku cha umeme kilipopachikwa, ingawa hapo utauona ubao wa pembeni tu, hautauona uso. Pembeni pakiwa plaiwudi usishtuke. Magitaa mengi mazuri ya kupigia jukwaani yana pembeni za plaiwudi, na kwa safari yenu ya kutoka Tanga kwenda Dodoma hiyo ni heri, maana haipasuki ovyo.

Huo mwerezi wake usiuchanganye na mierezi ya Lebanoni ya kwenye Zaburi. Ni mti wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, mwepesi, wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Mafundi wa zamani wa Hispania walitumia sprusi ya Ulaya, mbao nyeupe. Aliyeuingiza mwerezi kwa nguvu kwenye magitaa ya klasiki ni José Ramírez III wa Madrid, miaka ya 1960. Tofauti utaisikia: sprusi inakuwa na sauti kali iliyo wazi, mwerezi una sauti nzito yenye joto na haukutaki utumie nguvu. Kwa mtu wa kupiga hotelini watu wakila, mimi ningechukua mwerezi bila kufikiri mara mbili. Ubaya wake ni ulaini. Kucha inauchora. Usiogope mikwaruzo karibu na tundu, hiyo ni dalili kwamba gitaa limepigwa, na gitaa linalopigwa miaka 25 mtu huwa ana sababu ya kulipiga.

Mgongoni nadhani utakuta rozi, mbao ya kahawia yenye mistari myeusi. Hiyo ni ndugu ya mpingo wetu. Yote ni ya ukoo wa Dalbergia, na harufu yake ukiisugua kidogo kwa ndani utaitambua kama umewahi kukaa karibu na wachonga vinyago. Ukoo huo wote uliwekewa udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 2017, hata gitaa lililokwisha tengenezwa likahitaji vibali kuvuka mpaka kibiashara. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa, isipokuwa zile za rozi ya Brazili, ambayo imebanwa tangu 1992. Kwa kununua Tanga hayo hayakuhusu, ila yanaeleza kwa nini magitaa mapya ya bei ya kawaida siku hizi unayakuta na mbao nyingine mgongoni.

Turudi kwenye umeme, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Nailoni haina chuma, kwa hiyo pikapu ya sumaku (pikapu ni kifaa kinachoigeuza sauti ya nyuzi kuwa umeme), ile ya gitaa la solo au ile inayobanwa kwenye tundu la gitaa la nyuzi za chuma, hailisikii kabisa. Utazungusha volyumu mpaka mwisho usipate kitu. Nimeletewa magitaa mawili mwaka huu yaliyotobolewa kwa ajili ya pikapu za namna hiyo. Gitaa la nailoni linahitaji piezo. Hicho ni kipande kinachotoa umeme kidogo kinapobanwa, jambo waliloligundua ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kinakaa chini ya mfupa wa darajani (daraja ni kile kibao cha usoni zinapofungwa nyuzi, na mfupa ni ule ukingo mwembamba juu yake unaozibeba), uzi ukitikisika unaugandamiza mfupa, mfupa unakigandamiza kipande, na umeme unatoka. Ni umeme dhaifu mno, ndiyo maana pembeni pana kisanduku chenye betri, priampu, cha kuupa nguvu kabla haujaingia kwenye waya.

Viwanda vingi hulaza utepe mmoja wa piezo chini ya mfupa. Takamine tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wana njia yao, Palathetic wanaiita: vipande sita, kila uzi na chake, vimeshikiliwa na reli ya chuma, na vinapenya kwenye uso wa gitaa kuukuta mfupa. Faida yake ni kwamba sauti ina mwili, haitoi sana ule mlio wa bata unaoujua kwenye piezo za bei rahisi. Na priampu zao huchomoka. Unalegeza, unavuta kisanduku kizima, unasukuma kingine cha Takamine mahali pale pale bila msumeno. Kwa hiyo priampu ikiwa imekufa usilie. Ila hivyo vipande sita vya chini vikifa ni kazi nyingine, vipo ndani ya mwili wa gitaa, na fundi wa kuvishughulikia utamtafuta.

Umeme kuhamishwa gitaa moja kwenda jingine ni jambo la zamani. Gitaa la Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ni Martin N-20 la nailoni alilolinunua 1969 kwa dola 750. Pikapu yake ilitoka kwenye gitaa la Baldwin lililokuwa limevunjika. Mpaka uzeeni ameendelea kulipiga, na uso una tundu la pili kubwa lililochimbwa na kipiko, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, kwa sababu magitaa ya klasiki hayawekwi kile kibao cha kukinga uso. Usijaribu hilo. Wewe piga kwa vidole.

Ukifika Tanga nenda asubuhi, kuna mwanga na mzee hajachoka. Chukua betri mpya ya volti 9 na seti ya zile ndogo za tochi, kwa sababu priampu zimetofautiana. Beba waya wako mwenyewe unaouamini, kioo kidogo cha mfukoni na tochi ya simu. Mwamkie, kunywa chai, muulize alikuwa analipiga wapi. Utajua mengi kuhusu gitaa kwa jinsi atakavyolitoa kwenye keisi.

Kisha daraja. Hili ndilo ningelitazama kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu. Kwenye gitaa la nailoni daraja limegandishwa kwa gundi tu juu ya uso, na nyuzi zote sita zinalivuta kwa pamoja karibu kilo 40, mchana na usiku, tangu 1998. Chukua risiti, karatasi nyembamba, jaribu kuiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Isipoingia, vizuri. Ikiingia milimita moja mbili, gundi imeanza kuachia, inarekebishika, toa gharama ya fundi kwenye bei. Ikizama nusu, achana nalo. Muulize pia, kwa adabu, kama liliwahi kufungwa nyuzi za chuma. Nyuzi za chuma zinavuta kilo 70 na zaidi. Mtu anaona za nailoni hazina kelele ya kutosha kwenye kwaya, anafunga za chuma, baada ya miezi uso umevimba nyuma ya daraja na kuzama mbele yake. Uvimbe mdogo sana nyuma ya daraja ni wa kawaida. Mzamo mbele ya daraja, kuelekea tunduni, si wa kawaida.

Gonga uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, ukizunguka, kama unavyochagua tikiti maji. Unatafuta mlio wa kutikisika, kitu kinachogongana kidogo. Hicho ni kijiti cha ndani kilichoachia gundi. Chini ya uso kuna vijiti vyembamba vilivyopangwa kama upepeo uliofunguliwa, na ndivyo vinavyoufanya uso mwembamba usipasuke huku ukiuacha utikisike. Ingiza kioo tunduni, mulika, utaviona. Gundi iliyomwagika ovyo, kijiti cha mbao ngeni, kitambaa kilichobandikwa, yote hayo yanasimulia matengenezo. Matengenezo mazuri siyaogopi. Ufa uliozibwa vizuri na kuwekewa viraka vidogo kwa ndani unaweza kudumu kuliko sisi.

Shingo: bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingoni) ya kwanza na ya 12 kwa wakati mmoja, tazama katikati, karibu na freti ya sita. Panatakiwa mwanya mdogo, kadi ya vocha ipite kwa kujibana. Pakiwa na mwanya wa sarafu, shingo imepinda, na magitaa mengi ya klasiki hayana chuma cha kuinyoosha. Kisha pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 4 upande wa besi na 3 upande wa nyuzi nyembamba ndio wa kawaida wa klasiki. Zikiwa juu, angalia mfupa umebaki kiasi gani juu ya daraja. Kila milimita 2 utakazopunguza mfupani zinashusha nyuzi milimita 1 tu pale kwenye 12. Mfupa ukiwa umekwisha lala darajani na nyuzi bado ziko juu, hapo hamna pa kukimbilia.

Nyuzi alizofunga mzee pengine ni za enzi. Usilihukumu gitaa kwa sauti ya nyuzi zilizochoka, hazishiki hata tyuni. Nenda na seti yako mpya kama atakuruhusu kubadilisha, ila nailoni mpya hulegea siku mbili tatu, kwa hiyo usitafute ukamilifu.

Umeme utaujaribu mwisho. Fungua kwanza nyumba ya betri. Pwani chumvi ipo hewani, na betri iliyosahaulika humo huacha unga wa kijani unaokula waya. Chomeka, washa, piga nyuzi moja moja kwa nguvu ile ile. Uzi mmoja ukiwa hafifu kuliko wenzake, inaweza kuwa mfupa haujakaa sawasawa chini, jambo dogo, au kipande chake kimekufa, jambo kubwa. Legeza nyuzi, sukuma mfupa ukae, kaza tena, jaribu. Ukibaki vile vile, hesabu ni kimekufa na ujadili bei hivyo. Zungusha vitufe vyote: mkwaruzo unaopungua unapozungusha tena na tena ni uchafu tu. Tikisa waya pale unapochomekwa. Pakikohoa, ni jeki, na jeki ni matengenezo ya bei rahisi kuliko yote niliyoyataja.

Usipate mshtuko ukianza kupiga. Shingo ya gitaa lako la chuma juu kabisa ina upana wa milimita 43 hivi, hii itakuwa inakaribia 52. Wiki mbili za kwanza kidole gumba kitakuuma na kodi (noti zinazopigwa pamoja) za kubana shingo kwa gumba zitakukataa. Baadaye utaona kila kidole cha mkono wa kulia kina nafasi yake, na zile solo za rumba unazozicheza kwa kipiko utazisikia kwa sauti ya mviringo zaidi. Kanisani, spika ikianza kuvuma, usikimbilie kupunguza volyumu yote: shusha masafa ya karibu na hezi 100, ndipo tumbo la gitaa la klasiki linapopenda kuitikia, kisha usogee usiwe mbele ya spika.

Kuna watakaokwambia mbao huzeeka kama mvinyo na sauti inanenepa kila mwaka. Naliamini nusu. Ninachokiamini kikamilifu ni kwamba gitaa la miaka 25 limekwisha kuonyesha kasoro zake. Lililokuwa lipinde limepinda, lililokuwa lipasuke limepasuka. Jipya la laki tisa na nusu, hasa lenye taa na skrini nyingi, hela imeingia kwenye skrini, na hujui uso wake utafanya nini ukiona Oktoba ya Dodoma.

Na hiyo Dodoma ndiyo wasiwasi wangu mkubwa kuliko vyote. Hili gitaa limezoea unyevu wa pwani. Mbao zimekunywa maji na kunenepa. Ukilipeleka kwenye ukavu wa kiangazi chenu, mbao zitasinyaa kwa upana, na uso wa mwerezi ukisinyaa upesi unapasuka kwa mstari wa nyuzinyuzi zake, mara nyingi kuanzia darajani kwenda chini. Dalili ya kwanza utaihisi kwa kiganja: ncha za freti zitaanza kukukwaruza pembeni mwa shingo, maana mbao imejivuta na chuma kimebaki. Linataka unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Kipimo kidogo cha unyevu kiweke ndani ya keisi. Toboa kisanduku cha sabuni matundu, weka humo sifongo iliyolowa na kukamuliwa isidondoshe, ikae kwenye keisi chini ya kichwa cha gitaa. Iloweshe tena ikikauka. Gitaa likae kwenye keisi wakati hulipigi; kulitundika ukutani sebuleni ni urembo wa watu wa pwani.

Kuhusu bei: uso ukiwa ubao mzima, daraja limeshika, shingo imenyooka na nyuzi zote sita zinasikika kwenye spika, mpe mzee laki tisa na nusu yake, labda umwombe akuachie na keisi. Priampu ikiwa imekufa lakini mbao ni nzima, mwambie laki sita na umweleze sababu. Usimpunguzie kwa ajili ya mikwaruzo, si haki.

Siku ya kurudi, legeza kila uzi kama noti mbili hivi, usiziachie kabisa. Kwenye basi likae nawe, hata ukilipie kiti. Buti ya basi juani gundi inalainika, na daraja ndilo linaloondoka kwanza. Ukifika nyumbani usifungue keisi usiku huo. Liache mpaka kesho lizoee chumba, weka sifongo, halafu lipandishe tyuni kidogo kidogo kwa siku mbili.